Siku Tulipoacha Goli Wazi Kangle

Siku yangu ya kwanza kwenye futsali nilitolewa uwanjani kabla sijagusa mpira. Nilikuwa nimevaa njumu, na sakafu ya ukumbi ule wa Kangle, Guangzhou, ilikuwa ya mbao inayong'aa. "Vua," alisema Kocha, Mlithuania mrefu aliyecheza soka kwao miaka mingi, akahamia futsali, kisha akaja China kufundisha michezo shuleni. Nikavua, nikacheza peku. Mimi Yustina, beki wa kati kutoka Tabora, sikuvuka bahari ili nishindwe na sakafu.

Nyie mnaoanza leo mjue: futsali ni watano kwa watano, mpira haudundi sana, na unatulizwa kwa unyayo. Sisi mabeki wa zamani tulizoea kubutua: ukibanwa piga mbele, Mungu atajua utakapoangukia. Kocha hakutaka hata kulisikia hilo. "Butua, mei you!" alikuwa akisema, kwa Kichina cha sokoni alichokisikia kwetu, yaani kubutua hakuna. Mchana nilinunua nguo za duka langu. Jioni ya Jumanne nilikanyaga mpira hadi unyayo ukaota sugu.

Timu yetu ilikuwa ya wanawake, wafanyabiashara na mafundi cherehani. Ukumbi ulikuwa wa laoban mmoja, bosi wa karakana ya nguo, aliyetupa jioni moja kwa wiki. Msimu ulipokaribia kwisha akamwambia Kocha mbele yetu, "Wanaume wa karakana wanautaka ukumbi. Mkifungwa mechi ya mwisho, nawapa wao."

Wapinzani walikuwa wasichana wa chuo, wepesi kweli. Dakika za mwisho walikuwa wanatuongoza kwa bao moja. Kocha akaniita, akanipa jezi ya kipa. Hiyo ndiyo mbinu ya kipa wa kushambulia: kipa anatoka, mchezaji wa ndani anavaa jezi ya kipa na kupanda, mnashambulia watano dhidi ya wanne na kipa wao, na goli lenu linabaki tupu. Solange, kipa wetu Mkongo wa Lubumbashi, aligoma kutoka.

"Non, yaya," akaniambia, yaani hapana, dada. "Goli unamwachia nani?"

Maisha yangu yote nimelinda mlango, leo naambiwa niuache wazi!

"Panda," Kocha akasema. "Tukifungwa moja au tatu, ukumbi unakwenda tu."

Solange akatoka, nikapanda. Tukawabana kwenye kona yao. Mpira ukanijia, wawili wakanivamia, mwili mzima ukataka kubutua. Nikaukanyaga, nikauvuta, nikampasia mwenzetu mmoja, fundi wa kushona mikono ya mashati. Akapiga, ukagonga mwamba, ukamrudia adui. Akaupiga tu mbele. Niliukimbiza mpira ule ukibingirika polepole kuelekea goli letu, sikuufikia. Nililia palepale, sioni haya kusema.

Jumanne iliyofuata wanaume walikuwa ndani. Kocha alitungoja nje, kwenye saruji ambako mikokoteni ya vitambaa hupakiwa, mpira chini ya unyayo. "Mmechelewa," akasema. Tulicheza pale hadi yeye akarudi kwao na goti langu likakataa.

Sasa nimestaafu, nafundisha mabinti hapa Tabora. Huniuliza kama sijutii kuacha goli siku ile. Nawajibu: wanangu, ningebaki nyuma kulinda tungefungwa vilevile, na Jumanne ile nisingekuwa na uso wa kwenda mazoezini kwa Kocha.