Utampandishaje Dunguni?

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile niliyokwenda Nyamwage kuchukua mbwa. Nakuandikia kwa kuwa nasikia nawe huko Kibiti unataka kuchukua mmoja, mtoto wa yale majibwa ya kigeni, aliyeokotwa. Shule yangu ilikuwa ya madarasa machache, sijui kama nitayapanga maneno vizuri, ila nitajitahidi nisimwonee mtu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imeanza kuingia na wageni wanafuata biashara mpaka vijijini kwetu. Mmoja alipiga kambi karibu na Nyamwage, mambo yakamwendea kombo, akaondoka. Nyuma akaacha mbwa mchanga amefungwa mtini, mbavu nje. Sijui lililomkimbiza, kwa hiyo simhukumu. Mzee Kindamba, aliyelima jirani na kambi, ndiye aliyemfungua akamnywesha uji. Akamwita Ndama, maana miguu ilikuwa minene kama ya ndama ilhali mwili bado wa kitoto. Kila aliyemsifia alimwambia, "Si wangu huyu. Namlea tu mpaka apate mwenyewe."

Sisi tulilima mpunga bondeni, Chumbi, na nguruwe walikuwa wanatumaliza. Basi nikaenda.

Mzee hakunipa upesi. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Binti, msimu huu mnakaa dunguni?"

"Ndiyo, babu." Dungu ni kile kibanda chetu cha shambani, juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi ya miti.

"Huyu atakuwa mzito kuliko wewe. Maji yakija, utampandishaje?"

Nikacheka. Mbwa wetu wa siku zote tuliwapandisha kwapani kama kuku. "Nitambeba, babu."

"Leo utambeba," akasema. "Sikiliza. Maji yakianza tu kuingia mashambani, mlete huku kwenye mwinuko. Kumrudisha si aibu."

Nikaitikia. Kuitikia hakuna uzito.

Ndama akakua kweli. Jirani yangu Bi Tatu alikuwa akipita anasema, "Shoga, maziwa tutaanza kukamua lini?" Lakini nguruwe walikoma, hata shambani kwake, na yeye mwenyewe alikuwa akimletea makoko ya ugali. Mume wangu Saidi alisema mbwa wa shamba dini imemruhusu, ila asipande tunaposalia. Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Ndama alifungwa chini ya ngazi, na kila ukichungulia unamkuta amekuinulia uso.

Maji yalianza kwa kulowesha nyayo. Saidi akaniambia, "Mpeleke kwa yule mzee." Nikasema kesho. Mpunga ulikuwa unaiva, nikaona nikimwondoa mlinzi, nguruwe watarudi usiku huohuo. Kesho yangu ikazaa kesho nyingine.

Kisha asubuhi moja mto ukaja wenyewe. Jua halijapanda vizuri, maji yameshapita vipago vya chini vya ngazi na yamemfika Ndama kifuani. Saidi, yuleyule aliyekataza asipande, alishuka akamsukuma kwa bega huku mimi nikimvuta miguu ya mbele. Ngazi ikalia, kipago kikakatika, wakaanguka wote wawili.

Mume wa Bi Tatu akaja na mtumbwi kutuchukua. Tukawapakia watoto wetu. Ndama akaja akaweka miguu yake ukingoni, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia, watoto wakapiga kelele. Mwenye mtumbwi akamrudisha kwa kafi, taratibu, kama mtu anayefunga mlango. "Dada," akanambia, "mtumbwi huu si wa watu na huyu." Alisema kweli.

Nikamfungua kamba shingoni ili aogelee. Nikadhani atatufuata. Hakutufuata. Tulipokuwa tunakwenda nilimwona anaizunguka ile ngazi, anazunguka, uso ameuinua juu dunguni, kana kwamba mimi bado nipo.

Saidi alirudi mchana. Ngazi ilikuwapo, Ndama hakuwapo.

Maji yalipokauka nilikwenda Nyamwage. Ningeweza kutokwenda, nani angeniuliza? Mzee Kindamba alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza.

"Ulimfungua?"

"Nilimfungua, babu."

"Hakwenda?"

"Aliizunguka ngazi."

Akapukuchua gunzi mpaka likaisha. "Nilikuuliza, ukacheka," akasema, akachukua jingine. Mpaka anakufa hakunisema kwa watu. Afadhali angenisema, lakini hilo nalo pengine ni kujipendelea kwangu.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanangu, langu halikuvunjika. Lilivunjika la asiyekatazwa wala kuonywa. Hapo ndipo methali inaponiuma.

Sikukatazi kumchukua huyo mbwa. Aliyeokotwa anahitaji kwao, na hao wanaomlea hawawezi kumlea milele. Ila usimpime kwa alivyo leo mapajani mwako. Mpime kwa atakavyokuwa, na uitazame nyumba yako siku yake ya taabu, si siku ya raha. Anayekukabidhi akikuuliza swali, usicheke, hata kama jibu unalo. Na likikushinda, mrudishe mapema, nyayo zikiwa ndiyo kwanza zinalowa. Wala usiseme kesho.

Mungu akujaalie nyumba ambayo kila uliyemwingiza atakuwa na pa kupanda maji yakija. Amina.