Barabara Iliyoshika Maji

Ukipanda gari Mlolongo asubuhi, unafika kwetu Kilungu kabla hujaanza kuwaza chakula cha mchana. Lami siku hizi imepanda mpaka juu mlimani, na watu wa mjini wanakuja wikendi kununua maparachichi kama wanaenda duka la mtaani kwao. Wanaosema mashambani kumefunguka hawadanganyi, ila wao huishia stejini. Nyumba ya mama yangu iko chini, na kutoka lami hadi kwake kulikuwa na njia ya miguu tu, ikikata ubavu wa mlima.

Njia hiyo haikumsumbua mpaka figo zake zilipoharibika, ikawa lazima apelekwe mjini kila wiki kusafishwa damu. Bodaboda ilimbeba hadi siku alipozirai nyuma ya dereva. Ndugu zangu wakaamua kwa simu, bila hata kumuuliza: kama gari halifiki mlangoni, mama ahamie kwangu Mlolongo, ghorofani. Mama alisema huko atakuwa kama mgonjwa aliyelazwa bila kuambiwa siku ya kutoka. Mimi nilikubaliana na ndugu zangu.

Waliomtetea ni akina mama wa mwethya yake, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu. Kaunti ilikuwa imetuahidi greda mpaka tukachoka kulisikia hilo neno. Akina mama wakaja na majembe na sururu, wakaomba kila mwenye shamba akubali kumegwa kidogo, wakaanza kupanua njia. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Barabara ikatoka safi, imelala sawa kama meza, ina ukingo imara upande wa chini, na juu ya ukingo wamepanda nyasi. Gari la kukodi likashuka hadi mlangoni na mama akaketi mbele kama mheshimiwa. Ndugu zangu wakaacha habari ya kumhamisha.

Mvua za Novemba zikaja. Siku moja ya hospitali, dereva alikuwa amelala kwetu akihofia mvua. Tulitoka asubuhi na hatukufika popote. Barabara ilikuwa dimbwi refu, maji yametulia, na gari likazama kwenye matope mama akiwa ndani. Kumbe akina mama hawa, ambao maisha yao yote wamechimba matuta ili mvua isitoroke na udongo, walikuwa wamemchimbia mwenzao tuta. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo singeyasema mbele ya mchungaji. Mwenyekiti wao alifika na wenzake, akayatazama maji, akasema kama ni ya kupanda mahindi, hakuna barabara ya kuishinda hii.

Dawa ilikuwa moja tu, kukata ukingo. Lakini maji yaende kwa nani? Kwetu humfungulii jirani maji shambani. Huo ni ugomvi wa kurithisha watoto. Mahali pa kukata bila kumgusa jirani palikuwa pamoja tu, juu ya shamba la mama mwenyewe, lenye matuta aliyochimba na hawa hawa wenzake mimi nikiwa mgongoni. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyetaka kulitaja. Nikamwambia mama tutafute watu wambebe hadi lami, twende hospitali, kisha Mlolongo. Miguu ilikuwa imemvimba vibaya.

“Kateni,” akasema. “Pitisheni kwangu.”

Mwenyekiti akamuuliza kama ana hakika.

“Nataka jioni nirudi hapa.”

Wakakata. Tuta la kwanza lilijaribu kushikilia, likaachia, na ya chini yakafuata. Udongo ukateremka mtoni pamoja na mahindi yaliyokuwa ndiyo tu yameota. Niliona uchungu mno. Mama hakugeuka kutazama, aliuliza tu kama tutachelewa. Akina mama wakalisukuma gari hadi likatoka.

Tulichelewa, lakini alihudumiwa, na jioni gari likamfikisha mlangoni. Mpaka leo anakaa pale, na gari linafika. Msimu wa kuvuna nilimletea gunia la mahindi kutoka soko la Matiliku. Akachota kidogo, akayageuza kiganjani, akauliza ni ya shamba la nani. Nikamwambia sijui, ni ya kununua. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu augue.