Chetezo cha Mama Malkia

Shangazi yangu Taghridi hakuwa na cheo. Alikuwa mchoma udi wa Mama Malkia hapa Kahira, Misri, na mumewe Rayhani alikuwa mkuu wa askari wa lango. Lakini mawaziri wenye vilemba vikubwa kama mito walimwamkia yeye kwanza, maana jibu la Malkia lilipita mikononi mwake.

Sultani alikuwa mtoto. Mwenye dola alikuwa mama. Alikaa nyuma ya pazia, na hakuna mwanamume aliyewahi kuisikia sauti yake. Jambo likishasomwa barazani, shangazi, aliyekuwa naye humo nyuma ya pazia, hugeukia kiti chake, akauliza, "Bibi yangu, waridhia?" Akiridhia, chetezo husukumwa chini ya pazia kikifuka. Akikataa, Malkia huchukua mrashi wake wa fedha, akayamwagia makaa maji ya waridi, tsss, na chetezo hutoka kimezimika. Hapo mjadala umekwisha.

Sultani akiwa amechukuliwa na jeshi vitani Shamu, Malkia akafariki. Waziri Ibn Hamduni akafunga chumba alimofia, maiti na mrashi wake uliojaa humo humo, akamwita shangazi kando.

"Taghridi, Bibi yu hai. Umesikia?"

"Nimemfunga kidevu kwa mikono yangu, bwana."

"Basi mikono hiyo hiyo kesho itoe chetezo kikifuka. Kisipofuka, utamfuata."

Hakumwambia ni kwa jambo gani. Asubuhi likasomwa: Rayhani amekataa kumpa Waziri funguo za lango, ni haini, akatwe kichwa. Naye Rayhani kasimama pale pale, mikono imefungwa nyuma.

Haya shangazi alinisimulia mwenyewe, tena si mara moja, wala hakubadilisha neno. Makaa yalikuwa mekundu. Udi ulikwishashika, moshi umejaa. Waziri akakohoa kule nje: "Toa basi, mama! Bibi asichoshwe."

Shangazi akakishika chetezo. Lakini ulimi uliozoea ukamtangulia.

"Bibi yangu, waridhia?"

Kiti kilikuwa kitupu. Mto wake ulikuwa bado umebonyea. Shangazi akasikia baridi shingoni, kama mtu amemwinamia. Kisha, tsss. Matone yakamrukia kifundo cha mkono.

Chetezo kikatoka kikichuruzika majivu. Baraza zima likainama. "Amekataa." Rayhani akafunguliwa.

Waziri akalisogelea pazia. "We mwanamke, nani yumo humo?"

"Si wewe uliyesema yu hai, bwana?"

Waziri akarudi nyuma. Kusema Malkia kafa ni kujikata shingo mwenyewe.

Sultani aliporudi, chumba kilifunguliwa mbele yake. Mrashi ulikuwa kifuani pa marehemu, vidole vimeukumbatia. Ndani haukuwa na hata tone.

Rayhani aliishi mpaka akaota mvi, na utani haukumwisha. "Mke wangu, kweli hukuficha kichupa kwenye mkono wa kanzu?"

"Ningekuwa nacho, ningekumwagia wewe unyamaze."

Lakini nyumbani kwake udi haukuchomwa, hata siku ya harusi yangu. Mimi, bibi harusi, nikanuna.

"Shangazi, watu watasemaje?"

"Waache waseme. Nikiuchoma, mwanangu, ulimi utauliza tena. Mara hii sijui nitajibiwa nini."