Siku Tata Alipoitwa Donti Kea

Kahawa ya kutafuna ikichemka, ile harufu ikinipanda puani, mimi nasikia kiboko. Chekeni tu. Shule sikuiona hata mlango, lakini Kizungu ninacho neno moja, nilifundishwa uani kwetu Nyakasimbi.

Ilikuwa vita ya Hitila, ng'ombe wanachukuliwa na serikali. Baba yangu, Tata, alikuwa kawaficha wake kwa Rwegasira, kule Bugomora. Hao wawili walikuwa wamechanjana. Tunda la kahawa lina mbegu mbili: kila mmoja anapaka yake damu ya tumboni mwake, mwenzake anaimeza. Udugu huo ukiuvunja, unavimba tumbo unakufa.

Sasa akaja karani wa kutoka Bukoba, kafupi, kasauti ka jogoo anayejifunza kuwika. Akamkuta Rwegasira, maskini yule, na zizi limejaa. Ng'ombe wa nani? Wangu. Karani hakuamini. Mwenyewe akijulikana, anafungwa na zizi lote linakwenda. Basi akamtia Rwegasira kamba, akawa anampitisha mji kwa mji, anampigisha mbele ya wenye mji aone nani atashtuka.

Kwetu walimkuta Tata kwenye kigoda, anachonga chombo cha maziwa. Tarishi wa karani akapiga. Mgongo ukapasuka, nyama nikaiona. Kiboko kingine kikampata usoni, jicho likamwagika shavuni. Nikataka kupiga yowe, mama akaniziba mdomo. Tata akapiga mwayo. Haki ya Mungu, mwayo! Akainamia chombo chake.

"Mzee, huyu unamjua?" karani akawika.

Tata alikuwa anaongea kama ng'ombe anacheua. "Namuona. Mkimaliza, msinikanyagie chombo."

Karani akacheka mpaka akajishika kiuno. "Huyu ni donti kea. Kizungu hicho. Mtu nyumba ya jirani inaungua, yeye anasogea aote moto."

Wakamburuta Rwegasira mji wa pili, na wa tatu. Mwisho walichoka, wakachukua ng'ombe wachache, wakamwachia na jicho moja.

Tata nilimchukia. Jioni nampelekea maji, nasema moyoni: Donti Kea, nawa. Mkono wa kushoto kaufunga kitambaa, eti kisu kimeteleza. Nikaona ni vizuri, Mungu kamlipa.

Miaka ikaenda, Tata akazeeka, akawa wa kunawishwa. Siku moja nikaugeuza ule mkono. Kovu kiganjani, kovu lingine nyuma ya mkono. Kisu kinachoteleza hakitokei upande wa pili.

Nikamtazama Rwegasira, kaja kumjulia hali, amekaa pale anatafuna kahawa yake na lile jicho moja.

"Angelia," akasema, "na mimi ningesema."

Siku hizi mjukuu akigoma kufagia, mama yake anamwita donti kea. Mimi namwangalia mikono kwanza.