Ya Solange, maji bado yanasikika

Marafiki, akili yangu inagoma kabisa. Ya Solange, yaya wetu, dada mkubwa wa wote, ametutoka. Jumapili alitoka misa akasema kichwa kinamuuma, na Jumatatu tukawa tunatafuta viti vya matanga.

Wengi wenu mlimjua kupitia simu tu: yule dada wa Kisangani aliyefoka kuhusu vita vya Mashariki mwa nchi yetu huku maporomoko yakinguruma nyuma yake. Mimi Clémence ndiye niliyemshikia simu. Picha ikitikisika, mlaumuni Clémence.

Tangu jana naota macho yakiwa wazi. Namwona kwenye mwamba wake wa kurekodia, ukungu umefunika mto wote, na kitambaa chake cha njano kinatokea kabla ya uso.

Mlilalamika sana kuhusu yale maji. "Ya So, hatukusikii! Tafuta studio!" Hata mimi nilimwambia twende kwenye kibanda changu cha fotokopi, tufunge mlango, turekodi kwa amani.

"Clémence, musinizimie mayi," akanijibu. "Kuko mutu moya anapashwa kuyasikia."

Mtu huyo ni Trésor, mdogo wake. Askari. Alipelekwa Mashariki, akawa anapiga simu kila wiki, kisha simu ikanyamaza. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, na hakuna aliyekuja kusema yuko hai.

Ndipo Ya So alipoanza kuongea mtandaoni. Watu wakamwita "analyste politique", mchambuzi wa siasa, naye akacheka hadi akakaa chini. Alikuwa dada anayemwita ndugu yake, basi.

Lakini alivyoita jamani! Mnakumbuka ile live baada ya wakubwa kusaini mkataba mwingine wa amani, huko kwenye hoteli ya mbali? "Bon, bamesaini. Bamepiga picha. Kalamu iko muzuri, suti iko muzuri. Alors, bunduki bamemuachia nani?"

Siku nyingine mtu aliandika kwamba wote wanaosema lugha fulani wafukuzwe nchini. Ya So akasogea karibu na simu hadi nikaona jasho lake. "Mi nachukia mwenye anatuma bunduki. Sitachukia mutu juu ya pua yake. Toka ku page yangu!" Alitukanwa na pande zote mbili. Jioni tulikula pondu, kisamvu chetu, huku tukisoma matusi yale kwa sauti na kuyapa maksi. Mshindi alipata saba tu, alikosa ubunifu.

Alijua anachosema. Tulikuwa watoto majeshi ya wageni yalipopigana ndani ya mji wetu huu. Tulijificha chini ya kitanda kimoja, na yeye akamziba Trésor masikio kwa viganja vyake. Trésor alikuwa mchanga, alilala fofofo.

Kuna bwana wa shati safi aliyewahi kuja kumwonya. "Madame, uko unaharibisha moral ya jeshi."

Ya So akamvutia kiti, akampa maji ya kunywa. "Papa, jeshi ni mutoto wa mama yangu. Munirudishie ye, nitanyamaza leo leo."

Yule bwana akamaliza maji, akaangalia viatu vyake, akaenda zake.

Halafu kuna samaki. Ninyi wa mbali niwaeleze. Kwetu hapa kwenye maporomoko kila nyumba ina mahali pake pa kutegea vikapu, kati ya ile miti mikubwa iliyosimikwa majini. Baba yao alipofariki, mahali pake palibaki kwa Trésor. Pasipotegwa, hupewa nyumba nyingine. Kwa hiyo Ya So alimwomba Tonton Basile, mdogo wa baba yao, atege kwa jina la Trésor. Fungu la Trésor alilipokea yeye, akalitundika juu ya moshi jikoni.

Samaki akikaa sana, aliwapa watu waliokimbia vita na kufika mjini kwetu na watoto mgongoni. Kisha akatundika mwingine. Jiko lile halikuwahi kukosa samaki wa Trésor.

Ndiyo maana kila live iliisha vilevile, hata akiwa amekasirika vipi: "Trésor, kama unasikia, rudia ku nyumba. Samaki yako iko." Wengine mlidhani ni slogan. Mkaichapisha hadi kwenye tisheti! Yeye alipata moja kubwa kupita kiasi, akawa anaivaa kulalia.

Jana kwenye matanga Tonton Basile aliniita pembeni. Amezeeka, magoti yanamsumbua, na familia imeanza kumuuliza kama mahali pale patolewe.

"Clémence, mi niko na nguvu kidogo ingali," akasema. "Lakini kama hakuna mutu anamuita tena, donc mi natega ku jina ya nani?"

Nililia tu, na yeye akanishika bega.

Leo asubuhi nimeenda kwenye mwamba. Ukungu ulikuwa palepale. Nilifungua video yake ya zamani, nikafumba macho, nikawa sijui tena maji yapi ni ya simu na yapi ni ya mto. Kwa muda mfupi nilimsubiri aniambie nishike simu vizuri.

Sina ulimi wake. Wakubwa siwezi kuwafokea, mimi hata wateja wa fotokopi wananishinda. Lakini ile sentensi yake moja ya mwisho naiweza. Nimeirekodi hapo hapo na kelele zake zote, na Tonton Basile ameshaingia majini na kikapu.

Ninyi mlio Mashariki, kambini, hospitalini, gerezani, popote pale, ichezeni kwa sauti kubwa. Musizime maji.

Ya So, rafiki yangu, nakupenda na nimekukasirikia kwa kuondoka. Umeita vya kutosha. Sasa fumba macho, ulale bila simu mkononi.

Trésor, kama unasikia, rudia ku nyumba. Yaya amelala. Samaki yako iko.