Lengo la Somo

Harufu ya chaki bado hunichanganya. Baada ya mafuriko kupita Garsen, mwalimu mpya wa hesabu aliandika lengo ubaoni: kila mwanafunzi aweze kujumlisha mifugo ya kwao. Asiyefikia lengo hatoki. Nje, wadogo zangu wawili walinisubiri niwapikie, kwani wazazi wetu walikuwa wamefariki.

"Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Nikawataja: mwekundu, wa madoa, aliyevunjika pembe.

"Nataka idadi, si rangi!"

"Mwalimu, sisi hatuhesabu ng'ombe wetu. Ukiwahesabu wanakufa."

Darasa likacheka. "Hesabu kwato, ugawe kwa nne!" akadakia jirani yangu, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Wema.

Mdogo wangu wa mwisho akaanza kulia dirishani. Nikatamka namba ya kwanza iliyonijia: "Kumi na saba."

"Vizuri sana. Umefikia lengo."

Nilitoka bila kuelewa nilichofikia. Jioni ng'ombe waliporudi zizini, nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilitamani kujua kama namba ile ilikuwa ya uongo, lakini ili nijue, ingebidi niwahesabu.