Esteri, giaboksi na mpini wa jembe la Nasma

Umande bado uko kwenye migomba, na kinachoonekana cha Esteri Ininahazwe ni miguu tu. Sehemu nyingine yote iko uvunguni mwa pikapu, juu ya gunia. Mbele gari limekalia magogo ya mkaratusi, na nyuma magurudumu yamekingwa kwa mawe.

"Mama Reine, umelala?" anauliza mumewe, Bazilio Manirambona, kutoka kwenye kiti chake mlangoni.

"Nimelala na giaboksi, Baba Reine. Unaona wivu?"

Majirani waliojaa uani wanaangua kicheko. Bazilio hacheki.

Hapa ni Kitanga, wilayani Kasulu, na leo ni Jumamosi isiyo na mchezo. Mchana, mfanyabiashara wa Kibondo aitwaye Pasikali atafika kuinunua pikapu hii. Mume na mke wameshakubaliana: Pasikali akilikuta gari linatembea, haliuzwi. Akilikuta juu ya magogo, analivuta na kuondoka nalo.

Bazilio, mtoto wa familia iliyotoka Burundi na kupewa uraia wa Tanzania, alikuwa fundi magari Kasulu mjini kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Tangu hapo hajashika spana.

Esteri, aliyezoea kumshikia tochi na kumpa vifaa, akashika usukani. Alibeba mihogo, maharage na tangawizi za majirani hadi sokoni Kasulu, akarudi na chumvi na sabuni za maduka ya kijijini. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba na kumsomesha binti yao Reine, aliye kidato cha tatu.

Wiki iliyopita, kwenye mlima wa kutoka mtoni, klachi ikaisha. Injini inanguruma, gari haliendi, na harufu ya kuungua imejaa barabara nzima. Seti mpya ya klachi ilimgharimu Esteri laki tatu na mbuzi wake wote. Pesa ya kulivuta gari hadi mjini na kumlipa fundi haikubaki.

"Nikasema basi, nitalifungua hapa hapa nyumbani," anasema. "Mikono ninayo. Kichwa cha fundi nacho kipo, kimekaa pale mlangoni kinanuna."

Bazilio ana sababu za kununa. "Kulitazama tu kunaniuma," anasema, maneno yakitoka moja moja. "Bora liondoke, nisilione."

Mkewe hakukubali. Akaitisha kibiri, ile desturi ya majirani kukusanyika na kumlimia mmoja wao shamba, kesho zamu ya mwingine. Safari hii ni kibiri cha giaboksi, lakini watu wamekuja na majembe kama walivyozoea.

"Nimeambiwa kibiri, nikabeba jembe," anasema Nasma, jirani anayelima tangawizi. "Ningejuaje kwamba tunalima chuma?"

Kulitoa giaboksi hakukuwa na shida. Pleti ya klachi iliyoisha imetoka, mpya imefungwa. Sasa ni kulirudisha, na giaboksi si mkungu wa ndizi. Wanaume wanne wanalinyanyua kwa ubao na kamba huku Esteri, chali, akiielekeza shafti yake kwenye tundu la pleti.

"Pandisha! Kidogo! Haya, sukuma!"

Linaingia, linagoma. Imebaki nafasi ya vidole vitatu. Wanasukuma tena mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Wapi! Makarius, kijana mwenye nguvu nyingi na subira kidogo, anadaka spana na kusema atakaza bolti, giaboksi litajivuta lenyewe.

"Shusheni!"

Wote wanageuka. Tangu augue, hakuna aliyewahi kumsikia Bazilio akipaza sauti.

"Ukilivuta kwa bolti unapasua ganda lake," anasema akihema. "Pleti haiko katikati. Mama Reine, uliipima kwa kitu gani?"

"Kwa macho."

"Macho!"

Shafti ni lazima ipite kwenye meno ya pleti, kisha ncha yake ikae kwenye kitundu cha injini. Pleti ikihama kidogo tu, haipiti. Gereji wana kifaa cha kuiweka sawa. Kitanga hakuna, na Pasikali amepiga simu: ameshapita Nyakitonto.

Esteri anatoka uvunguni, uso mweusi kwa oili. Anayatazama majembe yaliyoegemezwa ukutani, anachukua la Nasma na kuligonga kwenye jiwe mpaka mpini unachomoka.

"Yewe, mpini wangu!" Nasma anapiga kelele. Kisha anaguna. "Haya, chukua. Mimi nitalimia kucha."

Esteri anaanza kuuchonga kwa kisu, kwa haraka, vibaya. Bazilio anamtazama, anavumilia, anashindwa.

"Unachonga mwiko? Lete hapa."

Bazilio anaubana mpini kwa magoti, anashika kisu kwa mkono wa kushoto na kuanza kuchonga taratibu, ncha nyembamba ya kuingia kwenye injini, nyuma yake nene ya kujaa kwenye pleti. Esteri anakwenda kupima, anarudi, anakwenda tena. Machozi yanamtoka na hayafuti.

"Nililia kwa furaha, nisikudanganye," anamwambia mwandishi. "Pikapu niliisahau kabisa. Nilikuwa nimemwona mume wangu."

Bolti za klachi zinalegezwa, mpini unachomekwa, pleti inakaa katikati, bolti zinakazwa na mpini unatolewa. Giaboksi linapanda tena. Esteri anaizungusha shafti kidogo, anasukuma kwa bega, na lote linateleza hadi mwisho. Kelele zinazopigwa pale uani zinawakimbiza kuku.

Pasikali anapofika na mnyororo wake wa kuvutia, magogo yameshaondolewa. Injini inanguruma, Esteri yuko kwenye usukani, na Bazilio, aliyekataa miaka miwili kukaa kiti cha abiria ndani ya gari lake mwenyewe, amekaa kiti cha abiria.

"Shemeji, nimekuja kuchukua mzigo wangu," Pasikali anamwambia Esteri.

Anayejibu ni Bazilio, dirishani. "Karibu ndani unywe chai, bwana. Gari lina safari." Kisha anamgeukia mkewe. "Gia ya kwanza. Na usiilalie klachi, utaiunguza tena."

Gari linapanda mlima wa kanisani bila kusita.

Sasa wawili hao wanachimba shimo la matengenezo nyuma ya nyumba. Wanataka kuliezeka bati kabla ya masika, ili magari ya Kitanga na vijiji jirani yasivutwe tena hadi mjini. Esteri atakuwa chini, Bazilio juu kwenye kiti, akisikiliza na kukaripia.

Na Nasma? Amepata mpini mpya, aliochongewa na Bazilio mwenyewe. Ule wa zamani umetundikwa ukutani, katikati ya spana.

"Aliudai," anasema Bazilio. "Nikamwambia, mama, ule si mpini tena. Ule ni kifaa cha kazi, na kazi imeanza."